Camille Pissarro: Mwalimu Aliyekubali Kuchorwa na Mwanafunzi Wake

Katika hazina ya michoro iliyohifadhiwa mjini Paris, Ufaransa, imo karatasi ndogo iliyochorwa kwa penseli. Juu yake ameonyeshwa mwanamume mwenye ndevu nyingi, kofia kichwani, mzigo mgongoni na fimbo ndefu mkononi. Mistari ya mchoro huo ni michache na imepigwa upesi, kama apigavyo mtu ambaye anajua kwamba mwenziwe yu mbioni kuondoka. Mtu aliyechorwa ni Camille Pissarro, naye anakwenda kazini. Mzigo alioubeba ni vifaa vyake vya kuchorea. Aliyemchora ni Paul Cézanne, mchoraji mwenzake, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka minane na nusu, na ambaye katika miaka hiyo ya 1870 alikuwa akijifunza kutoka kwake.

Wanachuo wanaojiandaa kufundisha katika shule za msingi wana sababu ya kuutazama mchoro huo kwa makini. Aghalabu mwalimu ndiye anayemtazama mwanafunzi, akampima na kumwandikia alama. Hapa mwanafunzi ndiye aliyemtazama mwalimu wake, na mwalimu hakuona vibaya. Makala haya yana shabaha ya kueleza maisha ya Pissarro, na hasa namna alivyowafundisha wengine bila ya kuwa na darasa, ubao wala cheti cha ualimu.

Utoto na shule

Pissarro alizaliwa tarehe 10 Julai, 1830, katika mji wa Charlotte Amalie, kisiwani St. Thomas, katika Bahari ya Karibi. Wakati huo kisiwa hicho kilikuwa koloni la Denmaki. Mwaka 1917 kilikabidhiwa kwa Marekani baada ya kununuliwa. Baba yake, Frédéric, alikuwa mfanyabiashara Myahudi aliyetoka Ufaransa. Alikuja kisiwani kusimamia mali iliyoachwa na mjomba wake aliyefariki, kisha akamwoa mjane wa mjomba huyo. Ndoa ya namna hiyo haikukubalika katika jumuiya ya Kiyahudi ya mahali pale, na familia ikatengwa kwa miaka mingi.

Kwa sababu hiyo Camille na ndugu zake walipelekwa katika shule ya wamisionari wa Moravian, kanisa lile lile ambalo baadaye, mwaka 1891, lilifika Rungwe, kusini mwa Tanzania ya leo. Huko St. Thomas shule hiyo ilikuwa ya watoto weusi, na utumwa katika visiwa vile ulikuwa haujakomeshwa; ulikomeshwa mwaka 1848. Hivyo mtoto wa mfanyabiashara alikaa dawati moja na watoto ambao sheria ya nchi iliwahesabu kuwa watu duni. Baadaye, aliposhika penseli, hakuanza kwa kuchora wakubwa wa serikali wala majumba ya matajiri. Alichora wanawake waliojitwika mizigo, wafuaji, wachuuzi wa sokoni, punda na minazi.

Alipofikia umri wa miaka 12 alipelekwa Ufaransa, katika shule ya bweni iliyokuwa Passy, karibu na Paris. Mkuu wa shule, Bwana Savary, aliona kipaji chake na kumpa msingi imara wa kuchora. Inasimuliwa kwamba mwaka 1847, kijana alipokuwa anarudi kwao, mwalimu huyo alimwagiza asiache kuchora minazi. Huenda Savary alilisahau agizo hilo kesho yake. Hata hivyo, neno moja la mwalimu lilisafiri na mwanafunzi mpaka ng'ambo ya bahari.

Karani wa bandari

Baba yake alitaka awe mfanyabiashara. Camille akawekwa bandarini kuhesabu shehena zilizopakuliwa melini, akaifanya kazi hiyo kwa muda wa miaka mitano. Kila alipopata nafasi alitoa daftari akachora. Ndipo alipokutana na mchoraji kutoka Denmaki, Fritz Melbye, na mwaka 1852 wakaondoka pamoja kwenda Caracas, Venezuela, ambako alikaa miaka miwili akijifunza kwa kutenda. Hatimaye wazazi wake walisalimu amri, na mwaka 1855 akaenda Paris kuanza maisha ya uchoraji.

Huko Paris hakuridhika na mafunzo ya vyuo rasmi, ambamo mwanafunzi alitakiwa kuiga sanamu za kale na kufuata kanuni zilizowekwa tangu zamani. Alimwendea mzee Camille Corot, mchoraji mashuhuri wa mandhari, akaomba ushauri. Katika maonyesho rasmi ya mwaka 1864 na 1865 alijiandikisha kuwa mwanafunzi wa Corot. Vile vile alihudhuria mahali palipoitwa Académie Suisse, ambapo wachoraji walilipa ada ndogo na kumchora mtu aliyekaa mbele yao, bila ya mwalimu wa kuwasahihisha. Hapo alifahamiana na Claude Monet mwaka 1859. Na hapo hapo, mwaka 1861, alimwona kijana mmoja kutoka kusini mwa Ufaransa ambaye michoro yake ilichekwa na chumba kizima. Kijana huyo alikuwa Cézanne. Pissarro hakucheka. Alitambua kwamba nyuma ya mistari ile iliyopinda palikuwa na jicho linaloona kwa namna yake.

Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Prusia. Pissarro alikimbilia London pamoja na Julie Vellay, mwanamke aliyekuwa mtumishi wa nyumbani kwa mama yake, na watoto wao. Huko Uingereza wakafunga ndoa mwaka 1871. Waliporejea nyumbani kwao Louveciennes walikuta askari wa Prusia walikuwa wameigeuza nyumba kuwa kambi. Inasimuliwa kwamba picha zilitandikwa bustanini ili askari wasikanyage matope. Kati ya picha zipatazo 1,500, kazi ya miaka kama 20, zilisalia 40 hivi. Pissarro alikuwa na umri wa miaka 41, na ilimbidi aanze upya.

Mwalimu asiye na darasa

Mwaka 1872 alihamia Pontoise, mji mdogo uliozungukwa na mashamba. Cézanne akamfuata huko pamoja na mwanamke aliyeishi naye na mtoto wao mchanga. Wakati huo Cézanne alikuwa mtu mwenye haya na mwepesi wa hasira. Alikuwa amekwisha kukataliwa na chuo rasmi cha sanaa, na picha zake zilikuwa nzito, zimejaa rangi nyeusi na kahawia. Wawili hao wakawa wanatoka asubuhi, kila mmoja na mzigo wake mgongoni, wakaweka vifaa vyao mahali pamoja na kuchora kitu kimoja.

Mbinu yake ya kufundisha ilikuwa nyepesi kueleza. Kwanza, hakumpa Cézanne maelezo marefu. Alimkaribisha aone kazi ikifanyika. Cézanne aliazima picha moja ya Pissarro ya mwaka 1871, inayoonyesha mandhari ya Louveciennes, akainakili ili aelewe ilivyojengwa. Baada ya zoezi hilo aliendelea na picha zake mwenyewe. Pili, Pissarro alimshauri aache rangi nyeusi na za udongo, atumie rangi tatu za msingi na zile zinazozaliwa nazo, ili mwanga uingie katika picha. Tatu, alisisitiza kwamba sehemu zote za picha zifanywe kwa pamoja: mbingu, maji, ardhi na miti vikue sambamba, wala mtu asimalize kona moja kabla ya kuigusa nyingine. Nne, na hili ndilo kubwa, hakutaka aigwe. Kila mtu, kwa maoni yake, alipaswa kufuata vile macho yake mwenyewe yanavyohisi, na mwalimu wa kweli wa wote wawili alikuwa ulimwengu uliokuwa mbele yao.

Katika miaka hiyo ndipo Cézanne alipomchora Pissarro akiwa njiani na fimbo yake. Pissarro naye mwaka 1874 alimchora Cézanne, amevaa kofia na koti zito la baridi, kama mkulima aliyetoka shambani. Tukizilinganisha kazi hizo tunaona kwamba hakuna aliyempamba mwenziwe. Cézanne alimwonyesha mtu wa kazi. Pissarro aliyaonyesha macho yenye fikra chini ya kofia iliyochakaa. Kuchora sura ya mtu ni kukiri kwamba umemtazama vya kutosha. Na mtu hawezi kufundishwa na mwalimu ambaye hajamtazama.

Mwaka huo wa 1874 ulikuwa wa majonzi. Mwezi Aprili Pissarro na Julie walimzika binti yao mdogo, Jeanne. Mwezi huo huo yalifunguliwa mjini Paris maonyesho ya kwanza ya kundi lililokuja kuitwa Waimpreshonisti. Magazeti mengi yaliyadhihaki. Kundi hilo lilifanya maonyesho manane kati ya 1874 na 1886, na Pissarro peke yake ndiye aliyeshiriki yote manane. Wenzake walikuja na kuondoka, waligombana na kupatana. Yeye alibaki akiwaunganisha.

Karatasi moja, nyuso mbili

Mmoja wa watu alioingiza katika maonyesho hayo alikuwa Paul Gauguin, aliyefanya kazi katika soko la hisa la Paris na kuchora siku za mapumziko. Wakati wa likizo alikwenda Pontoise akachora pamoja na Pissarro, na mwaka 1879 akaonyesha kazi yake pamoja na kundi lile. Kutokana na urafiki huo imebaki karatasi nyingine ya ajabu, ya miaka hiyo hiyo. Upande mmoja Pissarro amemchora Gauguin. Upande wa pili, kwenye uso ule ule wa karatasi, Gauguin amemchora Pissarro. Nyuso mbili zimekaa ubavu kwa ubavu, na mtu asiyejua hawezi kusema yupi alikuwa mwalimu na yupi mwanafunzi.

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba mambo yalikwenda vizuri hadi mwisho. Mwaka 1883 Gauguin aliacha kazi yake ya fedha ili aishi kwa uchoraji. Mwaka 1884 alimfuata Pissarro mjini Rouen, lakini picha hazikununuliwa na jamaa yake ikaingia katika shida. Polepole wawili hao wakaachana kimawazo. Pissarro aliona kwamba mwenziwe anatafuta sifa na mambo ya ajabu. Gauguin aliona kwamba mzee anababaika kutoka mtindo mmoja hadi mwingine. Walisemana vibaya. Hata hivyo, mwaka 1902, akiwa mgonjwa katika visiwa vya mbali vya Bahari ya Pasifiki, Gauguin aliandika kwamba Pissarro alikuwa mmoja wa walimu wake, na kwamba hamkani. Alifariki Mei 1903, miezi sita kabla ya mwalimu huyo.

Mwalimu anarudi kuwa mwanafunzi

Mwaka 1885 Pissarro alikutana na vijana wawili, Paul Signac na Georges Seurat. Seurat alikuwa na umri wa miaka 25 tu. Alikuwa akijenga picha kwa vitone vidogo vya rangi safi, ili rangi zichanganyike katika jicho la mtazamaji badala ya kuchanganywa na mchoraji. Pissarro, aliyekuwa na miaka 55 na ndevu nyeupe, alikubali kujifunza upya kutoka kwa kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe.

Uamuzi huo ulimgharimu sana. Picha za vitone zilichukua muda mrefu kukamilika, na wanunuzi walizikataa. Nyumbani, katika kijiji cha Éragny, Julie alilima bustani na kufuga kuku na sungura ili watoto wapate chakula. Alikuwa na haki ya kulalamika, naye alilalamika: mumewe hakuuza picha, na tena aliwatia moyo wana wao wote kuwa wachoraji, badala ya kutafuta kazi yenye mshahara. Anayemsifu Pissarro hana budi kukumbuka kwamba sehemu ya gharama ya msimamo wake ililipwa na mama huyu.

Kufikia mwaka 1890 hivi aliuacha mtindo wa vitone, kwa kuwa aliona unamfunga asiweze kufuata mabadiliko ya mwanga. Hakuona aibu kujaribu, wala hakuona aibu kuacha. Mwaka 1892 maonyesho makubwa ya kazi zake yalifanikiwa mjini Paris, na kwa mkopo kutoka kwa Monet familia iliweza kuinunua nyumba ya Éragny iliyokuwa ikipanga.

Katika miaka hiyo yote alimwandikia barua nyingi mwanawe mkubwa, Lucien, aliyekuwa Uingereza. Ndani yake alirudia ushauri ule ule: achore kila siku, achore vitu vya kawaida, ajizoeze kuchora kwa kumbukumbu baada ya kutazama, wala asivunjike moyo. Mwaka 1895, Cézanne alipopata maonyesho yake ya kwanza ya peke yake, Pissarro alimweleza Lucien furaha yake bila ya kijicho. Alikumbuka jinsi vijana wa Académie Suisse walivyomcheka Cézanne mwaka 1861, na jinsi yeye hakukosea kumwamini.

Siku za mwisho

Uzee wake haukuwa wa raha kamili. Ugonjwa wa jicho ulimzuia kukaa nje kwenye upepo na vumbi. Akawa anapanga vyumba vya hoteli Paris, Rouen, Dieppe na Le Havre, na kuchora barabara na bandari akiwa dirishani. Tena Ufaransa iligawanyika kwa ajili ya kesi ya Kapteni Alfred Dreyfus, ofisa Myahudi aliyehukumiwa kwa uongo mwaka 1894 kwamba alikuwa msaliti. Chuki dhidi ya Wayahudi ilienea, na marafiki wa zamani kama Degas na Renoir wakamkwepa Pissarro. Degas, aliyeshirikiana naye kwa miaka mingi, aliacha kumsalimu. Mzee huyo aliendelea kufanya kazi, na bado aliwasifu kwa haki kama wachoraji.

Alifariki mjini Paris tarehe 13 Novemba, 1903. Baada ya hapo Cézanne, ambaye sasa wachoraji vijana walimwona kuwa mwalimu wao, alijiandikisha katika orodha ya maonyesho huko kwao Aix kuwa ni mwanafunzi wa Pissarro, kama vile Pissarro alivyokuwa amejiandikisha zamani kuwa mwanafunzi wa Corot.

Zoezi kwa mwalimu wa shule ya msingi

Ni desturi katika madarasa mengi mwalimu kuchora nyumba ubaoni na kuwaamuru wanafunzi wainakili. Matokeo yake ni nyumba 60 zinazofanana, na hakuna hata moja inayofanana na nyumba anayolala mtoto. Maisha ya Pissarro yanatuonyesha njia nyingine, isiyohitaji zana za gharama.

Katika mazoezi ya kufundisha, mwanachuo anaweza kuandaa somo la dakika 40 hivi. Wanafunzi wakae wawili wawili, wakitazamana. Kila jozi ipewe karatasi moja, au kipande cha boksi, na penseli au kipande cha mkaa. Kwa dakika tano wa kwanza amchore mwenziwe upande mmoja wa karatasi. Kisha wa pili amchore wa kwanza upande wa pili, kama walivyofanya Pissarro na Gauguin. Mwalimu awakataze kufuta, awakumbushe kutazama uso mara nyingi kuliko wanavyotazama karatasi, na kuanza na umbo zima la kichwa kabla ya kushughulika na jicho au sikio. Kabla ya kuanza, darasa likubaliane kwamba hakuna atakayechora kovu au kilema cha mwenziwe kwa kumkejeli. Muda uliobaki utumike kutandaza michoro sakafuni na kuizungumzia: nani ameona jambo ambalo wengine hawakuliona?

Mwanafunzi mmoja asiye na mwenzi, iwapo yupo, amchore mwalimu. Mwalimu akae kitini, atulie, akubali kutazamwa kwa dakika tano zote, kisha achukue penseli amchore mtoto huyo upande uliobaki. Mchoro wa mtoto huenda ukampa mwalimu masikio makubwa na mdomo uliokunjamana. Asiufute wala kuusahihisha. Auweke sakafuni pamoja na mingine, na ajiulize kwa nini mtoto aliuona mdomo huo umekunjamana.